Niliishusha Kofia

Sketi waliyonivisha ilikuwa ya sufu. Dubai, sketi ya sufu! Nyeusi, nzito, imefika kwenye vifundo vya miguu, pindo lake limetariziwa maua mekundu, na juu kizibao cha kubana na blauzi nyeupe ya mikono mirefu. Mimi niliambiwa kazi ni kushika fimbo tu. Hakuna aliyeniambia kwamba mshika fimbo naye huvishwa kama bibi harusi wa milimani. Nilipoanza kulalamika, msimamizi wetu wa jukwaa, Mkenya asiyependa maneno mengi, alinikata kauli: "Dada, AC iko. Yalla, panda kiti."

Naanza na sketi kwa sababu bila ile sketi nisingeweza kufanya nilichofanya.

Ulikuwa mwaka wangu wa nne Dubai. Nililetwa kama mwanasarakasi. Kwetu Dar kazi yangu ilikuwa kuruka kwenye pete: duara la chuma lenye visu pembeni, mwenzangu analishika usawa wa kichwa chake, mimi nakuja mbio, napenya, natua ng'ambo na kuwapungia watu mkono. Miaka kumi na mmoja tulifanya hivyo na sikuigusa pete hata mara moja. Sifa hiyo ndiyo iliyonipa mkataba. Huku pete haikushikwa na mtu, ilifungwa kwenye nguzo ya chuma, kimo kile kile, na wiki ya tatu tu mguu ukanasa nikaangukia bega. Nililaumu sakafu. Nililaumu kiyoyozi, nikasema kimenikausha misuli. Bega lilipona vibaya, kuruka kukawa khalas, arbab, yaani bosi mwenyewe, akanihamishia nyuma ya jukwaa: kutandika magodoro, kukagua kamba, kupanga viti. Nilikuwa nalala mtaa wa Naif, chumba kimoja wanawake sita, na kila asubuhi nikitembea kwenda kazini katika hoteli moja ya Deira yenye ukumbi mkubwa. Sikuwa na furaha wala huzuni. Nilikuwa na kazi.

Wale Wanorwei walikuja msimu wa baridi, yaani ule wakati ambao sisi wa Naif tunavaa sweta na wao wanatembea na kaptura. Walikuwa wanne, wamekodiwa kwa siku kumi, onyesho moja kila siku baada ya alasiri ili familia zilete watoto. Mmoja alikuwa mama mpiga fidla. Mwingine bwana wa kompyuta, kazi yake kuchanganya ile fidla na midundo mizito ya kisasa. Halafu mchezaji mwenyewe, mzee wa miaka hamsini na minne, mrefu, mkavu, mwenye masikio mekundu. Na binti yake, miaka ishirini na kidogo, mchezaji vilevile. Walipaswa kuwa watano, ila msichana wao wa kushika fimbo aliugua siku moja kabla ya safari. Ndipo msimamizi akanitazama mimi. Alisema anatafuta mtu ambaye akisimama kwenye kiti miguu haimtetemeki.

Fidla yao ilinivutia, nakiri. Nimekulia nyumba ya shangazi mpenda taarabu, huko huko nilikomwacha mwanangu, fidla si kitu kigeni kwangu. Lakini hii ilikuwa na nyuzi nne za kupigwa, na chini yake nyuzi nyingine ambazo upinde hauzigusi kabisa. Zinalia zenyewe kwa kuzisikia zile za juu. Ubavuni imechorwa maua kwa wino mweusi, na kichwani imechongwa simba aliyevaa taji. Mama yule alikuwa akipiga huku anagonga sakafu kwa kisigino, na macho yake hayatoki kwenye miguu ya mchezaji. Nilipomuuliza nani anamfuata nani, alisema yeye ndiye anayemfuata mchezaji. Mchezaji akikawia kuruka, naye anaukawiza wimbo.

Ngoma yenyewe inaitwa halling. Kwao vijana waliicheza harusini ili waonekane. Mchezaji anaanza taratibu, anatembea kwa madaha, anachuchumaa na kurusha miguu, anajipinda, anapiga kofi kwenye soli ya kiatu. Wakati huo wote msichana amesimama juu ya kiti, ameinua fimbo ndefu, na kwenye ncha ya fimbo kuna kofia. Ngoma ikichemka, mchezaji anaruka na kuipiga kofia teke ianguke. Basi, hiyo tu. Lakini miye niliyezaliwa kwenye kuruka nakwambia, mtu mzima kupeleka unyayo wake mahali ambapo mkono haufiki, tena kwa kuanzia hatua mbili tatu tu, si mchezo.

Siku ya mazoezi mzee alileta utepe wa kupimia. Alipima kutoka sakafuni hadi kwenye kofia, mita mbili na sentimita arobaini, halafu akafunga utepe wa buluu kwenye fimbo mahali pa kuweka ngumi zangu. "Mkono umenyooka mbele, goti limenyooka, ngumi hapa," alisema. "Hicho ndicho kimo alichokuwa akipiga baba yangu." Akanieleza kwamba kofia ile nyeusi ilikuwa ya baba yake, na baba yake aliitoa siku alipoikosa. Aliikosa harusini, mbele ya watu, akaenda akaiondoa kwenye fimbo mwenyewe na kumvisha mwanawe. "Na mimi siku nikiikosa, anavaa huyu," alisema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu. Binti alikuwa anafunga kamba za viatu na hakuinua uso. Nilishamwona akijaribu peke yake asubuhi ile. Alikuwa anaipita alama ya babu yake kwa kiganja kizima.

Nilimwita mzee. Aliniuliza maana yake, nikamwambia ni heshima, akasema sawa.

Onyesho la kwanza lilikuwa safi. La pili pia. Ukumbi ulijaa kuliko tulivyotazamia, maana watoto wa Dubai waliijua milio ile kutoka kwenye michezo ya simu, ile ya mashujaa wa kaskazini wenye mashoka. Nyuma yetu kulikuwa na kiwambo kirefu kilichochorwa milima yenye theluji. Bwana wa kompyuta akiachia mdundo, watoto wanasimama kwenye viti, mama zao wanawavuta chini. Mzee aliruka, kofia ikaruka, ukumbi ukapiga kelele.

Siku ya tatu nikaona. Nisingependa kujisifu, lakini jicho la mwanasarakasi halidanganywi na mrukaji. Hatua yake ya mwisho kabla ya kuruka ilikuwa fupi. Mtu akifupisha hatua ya mwisho ujue goti limeshamnong'oneza kitu. Nikaona bega lake la kushoto linapanda mapema, nikajua hafiki. Na kabla sijawaza lolote, magoti yangu yakakunjika ndani ya ile sketi. Mikono ilibaki imenyooka vilevile, ngumi kwenye utepe wa buluu, uso unatabasamu. Kofia ikashuka shibiri moja. Kiatu chake kikaipata ukingoni, ikadondoka.

Hakuna aliyeona. Sketi ile ingeweza kuficha ndoo mbili za maji.

Sikujuta. Nataka lieleweke hilo. Katika sarakasi tunafundishwa kubebana kabla hatujafundishwa kuruka. Ukimwona mwenzako amechoka unamsogezea. Anayerusha anarusha kwa nguvu zaidi, anayedaka anasogea nusu hatua, mwenye kushika kitu anakishusha. Husemi. Ukisema umeshamharibu, kesho ataruka akiwa anawaza. Nilirudi Naif jioni ile nikala chapati zangu nikiwa na amani kabisa, nikiona nimemstahi mtu mzima mbele ya watu.

Siku ya nne nikashusha tena. Ya tano, nikashusha zaidi kidogo.

Siku ya sita nilishusha tena, na baada ya onyesho mzee alitaka kuonja chakula cha mtaani kwetu, kwa hiyo nikawaongoza yeye na binti yake hadi hoteli ndogo ya biriani Naif, mahali ambapo wafanyabiashara wa Kongo na Uganda hula huku mizigo yao ya nguo iko chini ya meza. Alikula kwa mkono bila kuombwa. Alikuwa na furaha ya kupindukia. Alisema joto la hapa limeyapa magoti yake ujana, kwamba miaka mitatu hakuwahi kuruka vizuri hivi. Kisha akasema kuna watu wa Ulaya wanataka ngoma hii ndani ya onyesho kubwa la muziki wa kisasa, miaka miwili, jioni tano kwa wiki. Nafasi ya mrukaji ni moja. Alikuwa ameshaamua kukataa na kumpendekeza binti yake. "Lakini sasa naona mimi bado," alisema. "Nikirudi tu natia sahihi."

Binti aliacha kula.

Nikamuuliza mzee, "Na huko nani atashika fimbo?"

"Hakuna fimbo," alisema. "Wana nguzo ya chuma. Inapandishwa kwa umeme, inasimama hapo hapo."

Bega likaniuma ghafla. Nilidhani ni feni iliyokuwa juu yetu, nikahama kiti.

Siku tatu zilizofuata nilishusha kila siku, na kila siku nikasema moyoni kwamba ni ya mwisho. Sasa sikuwa na ile amani. Nilikuwa naona chuma. Naliona goti la mzee likipanda kwenye kitu ambacho hakijui huruma, jioni tano kwa wiki, miaka miwili. Nikajiambia hayanihusu, mimi ni mtu wa magodoro, waje waende. Nimekaa Dubai miaka minne kwa kujiambia hayanihusu, na imenisaidia sana. Safari ile haikusaidia.

Siku ya tisa baada ya onyesho, binti alinifuata kwenye stoo ya magodoro akafunga mlango. Alikuwa na simu mkononi. Alikuwa akimrekodia bibi yake kila onyesho, akiisimamisha simu mahali pamoja pembeni mwa jukwaa. Akanionyesha. Katika picha ya siku ya kwanza kofia ilikuwa juu kabisa ya kilele cha ule mlima wa kuchorwa, na teke likaikuta pale pale. Katika ya siku ya tisa kofia ilikaa kileleni, mzee akaanza mbio zake, halafu kofia ikateremka polepole hadi kwenye theluji. Mimi hapo juu natabasamu.

"Loh," nikasema.

"Umeanza lini?"

"Siku ya tatu."

Akakaa juu ya godoro. Nilitegemea matusi, nami nilishajiandaa kurudisha. Badala yake alisema, "Mwambie wewe. Mimi nikimwambia ataona naitaka kofia."

"Na huitaki?"

"Naitaka sana," alisema, na macho yakamjaa machozi. "Ndiyo maana siwezi."

Nilimheshimu kwa jibu lile. Nikatoka nikaenda kumtafuta mzee kabla miguu haijabadili nia.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma ya hoteli, mahali wapishi wanapovutia sigara, mguu wake wa kulia ndani ya ndoo ya barafu. Nilisimama mbele yake nikamwambia wima wima, kwa Kiingereza changu cha Dubai, kwamba kofia aliyoipiga haikuwa kwenye alama ya baba yake. Kwamba nilikuwa nakunja magoti. Alinitazama usoni, kisha akaitazama sketi, kisha akarudi usoni.

"Mara ngapi?"

"Mara saba."

Masikio yake yalikuwa mekundu tangu zamani, sasa na shingo ikawa nyekundu. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Kwa nini?"

"Kwetu ndivyo tunavyofanya, mzee. Mtu akichoka tunambeba. Ni heshima."

Akautoa mguu kwenye barafu akaupangusa kwa taulo, taratibu, kidole kimoja kimoja. Nilidhani amemaliza na mimi. Halafu akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Basi huko kwenu mtu anajuaje kwamba amekwisha?"

Niliinama nikamsogezea viatu. Akavaa akaondoka. Mlangoni aligeuka akasema, "Kesho, goti limenyooka."

Siku ya kumi ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Msimamizi alikuwa na furaha, ananiita mama wa kofia. Mzee alipanda jukwaani na utepe wake wa kupimia kabla ya milango kufunguliwa, akapima mwenyewe, mita mbili na sentimita arobaini, akazigonga ngumi zangu kwa kidole zikae sawasawa kwenye utepe wa buluu. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nilitaka kumwambia nisamehe, nikaona nitamharibia pumzi.

Alicheza vizuri. Sijawahi kumwona akicheza vizuri kama siku ile, chini kabisa karibu na sakafu, makofi kwenye soli yanalia kama mbao zinazogongana. Mama wa fidla alikuwa hapepesi jicho. Bwana wa kompyuta aliombwa asiweke mdundo, kwa hiyo ilikuwa fidla tupu na kile kisigino. Mzee akazunguka mara ya mwisho. Nikaona hatua ya mwisho, fupi. Nikaona bega linapanda mapema.

Magoti yangu yalitaka. Wallahi yalitaka, mapaja yalikuwa yanatetemeka ndani ya sufu kwa kuyazuia. Nimebeba watu wanne mabegani kwenye maisha yangu na haikuwa kazi ngumu kama ile ya kusimama wima.

Unyayo wake ukapita chini ya kofia. Pengo lilikuwa la vidole vinne.

Fidla haikukatika. Mama yule aliukawiza wimbo, akaurudisha nyuma, akampa nafasi ya pili, na watoto wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakashangilia. Mzee akaruka tena, akapita chini zaidi. Akasimama akishika kiuno, anahema. Kisha akanifanyia ishara niinamishe fimbo. Akaitoa kofia kwa mkono wake, akaenda hadi ukingo wa jukwaa alipokuwa binti yake, akamvisha. Ilikuwa kubwa, ikamfunika nyusi. Watu walipiga makofi bila kujua wanapigia nini. Mimi nilikuwa nalia pale juu ya kiti na sketi yangu ya maua, na sikuwa na mkono wa kujifuta.

Binti alikuja akairudisha kofia kwenye ncha ya fimbo, akaninong'oneza, "Pandisha." Nikasimama kwa vidole vya miguu, nikainua mkono juu na lile bega langu bovu hadi likalia. Bwana wa kompyuta akaachia mdundo wake wote. Yule msichana hakuhitaji hata hatua tatu, na kofia ikaruka hadi safu ya nne.

Mzee aliniaga kesho yake asubuhi, mabegi yakiwa kwenye teksi. Alinipa mkono. Hakusema amenisamehe, hakusema asante. Alisema mkataba atautia sahihi binti yake.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa na mapumziko. Wenzangu wa chumba wengine walikuwa kazini na wengine kanisani, maana huku makanisa husali hata Ijumaa. Nikakaa kitandani nikampigia simu Dar mwenzangu wa miaka ile, aliyekuwa akinishikia pete. Siku hizi anafundisha watoto sarakasi kwenye uwanja wa shule, nikawasikia nyuma yake wanapiga kelele. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Halafu nikamuuliza.

"Mwaka ule wa mwisho kabla sijaja huku. Ulikuwa unanishushia pete?"

Kelele za watoto zikafifia, nadhani alikuwa anasogea kando.

"Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Wa mwisho tu?" akasema. "Dada yangu, tangu ulipojifungua. Miaka mitano ile yote. Nilijua na wewe unajua."

Nilitaka kumtukana na nilitaka kumkumbatia, vyote kwa wakati mmoja, na vyote haviwezekani kwa simu. Nikamuuliza ni kiasi gani.

"Mwanzoni kidogo tu," alisema. "Mwisho mwisho, shibiri moja na nusu."

Nikamwambia asalimie watoto, nikakata. Kisha nikasimama mbele ya ukuta wa chumba, nikaweka alama ya kucha kwenye kimo cha ukingo wa chini wa pete ya Dubai, nakijua mpaka leo. Nikapima kushuka chini kwa kiganja, shibiri moja, halafu nusu nyingine. Mkono wangu ulisimama pale pale mguu wangu ulipoishia siku niliyoanguka.